Vipandikizi vya meno: Mambo ya kujua kabla ya kufunga safari kutoka Ilagala

KUNG'OA jino ni kazi ya dakika chache, lakini kulirudisha ni kazi ya miezi. Ukweli huo humgusa kwa namna ya pekee mkazi wa Ilagala, kata iliyopo katika Wilaya ya Uvinza mkoani Kigoma, mahali ambapo Mto Malagarasi humaliza safari yake ndefu na kumwaga maji yake katika Ziwa Tanganyika. Jino likiuma hung'olewa, pengo huachwa, na miaka inapopita mgonjwa hujikuta akitafuna kwa upande mmoja. Mahindi ya kuchoma, miwa na karanga huwa ni vitu vya kutazama tu.

Katika miaka ya karibuni habari za meno ya kupandikiza zimesambaa kutoka mijini hadi vijijini. Mara nyingi anayezipeleka ni mtoto au ndugu anayeishi Dar es Salaam, Mwanza au Dodoma, ambaye angependa kumlipia mzazi wake aliyebaki kando ya ziwa. Nia hiyo ni njema. Hata hivyo, kipandikizi cha jino ni upasuaji unaohitaji afya inayoruhusu, daktari aliyefunzwa, ziara kadhaa za hospitali na matunzo ya maisha yote. Asiyeyafahamu hayo mapema huweza kupoteza fedha, mfupa wa taya na imani kwa tiba kwa wakati mmoja.

Kipandikizi ni nini?

Kipandikizi cha meno ni kiskurubu kidogo, kwa kawaida cha madini ya titani, kinachoingizwa ndani ya mfupa wa taya ili kichukue nafasi ya mzizi wa jino lililopotea. Juu yake hufungwa kiungo cha kati, na juu ya kiungo hicho huwekwa taji, yaani jino bandia lenye umbo na rangi inayolingana na meno mengine. Sehemu hizo tatu hazifungwi kwa siku moja katika hali ya kawaida, kwa sababu mfupa huhitaji muda wa kukishika kiskurubu.

Elimu ya vipandikizi vya kisasa ilianzia Sweden. Mwaka 1952, katika mji wa Lund, mtafiti Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza mzunguko wa damu ndani ya mifupa ya sungura kwa kutumia kifaa kidogo cha titani. Alipotaka kukitoa kifaa hicho alikuta kimeshikamana na mfupa kiasi cha kutong'oka. Mwaka 1965, katika mji wa Gothenburg, alimpandikizia mgonjwa wa kwanza, Gösta Larsson, aliyezaliwa na kasoro ya taya. Vipandikizi hivyo vilimtumikia Larsson hadi alipofariki dunia mwaka 2006, zaidi ya miaka 40 baadaye.

Tafiti za muda mrefu zilizofanywa tangu wakati huo zinaonesha kuwa zaidi ya vipandikizi 90 kati ya 100 huwa bado vimo kinywani baada ya miaka 10, ilimradi mgonjwa alichaguliwa vizuri, kazi ilifanywa na mtaalamu na kinywa kikatunzwa. Sharti moja kati ya hayo likikosekana, matokeo hubadilika.

Si kila pengo hudai kipandikizi

Jambo la kwanza ambalo mgonjwa anapaswa kujiuliza ni iwapo pengo lake linahitaji kuzibwa. Utafiti uliofanywa nchini Tanzania na kuchapishwa mwaka 2003 ulichunguza uwezo wa kutafuna wa watu waliopoteza magego. Ulibaini kuwa wale waliobakiwa na magego madogo yote pamoja na walau jozi moja ya magego makubwa yanayokutana hutafuna kwa kiasi cha kutosha. Waliopata shida kubwa ni wale ambao hata magego madogo yaliwatoka. Maana yake ni kwamba mtu aliyepoteza gego la mwisho peke yake, na ambaye hula bila tabu, hana sababu ya kuuza ng'ombe ili alirudishe.

Pengo likihitaji kuzibwa, zipo njia tatu. Ya kwanza ni meno bandia ya kuvaa na kuvua. Haya hayahitaji upasuaji, gharama yake ni ndogo na hutengenezwa kwa muda mfupi. Kasoro yake ni kuwa hulegea kadiri mfupa wa taya unavyopungua, na kwa baadhi ya watu hutoa vidonda vya fizi. Njia ya pili ni daraja, ambapo meno mawili yaliyo pembeni ya pengo huchongwa na kubebeshwa jino bandia katikati. Daraja halitoki kinywani, lakini hulazimisha kuchongwa kwa meno ambayo pengine yalikuwa mazima. Njia ya tatu ni kipandikizi, ambacho hakigusi meno ya jirani na husaidia kuhifadhi mfupa mahali kilipo.

Kwa mzee asiye na jino hata moja upo mchanganyiko wa njia hizo unaostahili kufikiriwa. Mwaka 2002, wataalamu waliokutana katika Chuo Kikuu cha McGill, mjini Montreal, Kanada, walipendekeza kuwa meno bandia ya taya la chini yanayoshikizwa na vipandikizi viwili yawe chaguo la kwanza kwa wagonjwa wa aina hiyo. Sababu ni kwamba meno bandia ya chini huteleza kuliko ya juu, kwani ulimi huyasukuma na sehemu ya kuyashikilia ni ndogo. Kwa hiyo ndugu anayetaka kumsaidia mzazi hana haja ya kuhesabu vipandikizi 14 au 16. Viwili vinaweza kubadilisha maisha ya mezani.

Nani anafaa, nani asubiri

Uzee peke yake si kizuizi. Ujana ndio unaoweza kuwa kizuizi, kwa sababu kipandikizi hakisogei pamoja na taya linaloendelea kukua. Kijana wa miaka 15 aliyepoteza jino la mbele katika mchezo wa mpira au ajali ya bodaboda hupewa jino bandia la muda mpaka ukuaji wa taya ukome, jambo ambalo kwa kawaida hutokea karibu na umri wa miaka 18 kwa wasichana, na baadaye kidogo kwa wavulana.

Mgonjwa wa kisukari anaweza kupandikizwa iwapo sukari yake imedhibitiwa. Asishangae daktari akidai kipimo kinachoonesha wastani wa sukari kwa miezi mitatu iliyopita, kwani sukari iliyo juu huchelewesha kidonda kupona na kukaribisha maambukizi. Vivyo hivyo, mtu anayeishi na virusi vya Ukimwi anayetumia dawa vizuri na ambaye kinga yake ya mwili ni imara hanyimwi tiba hii kwa sababu hiyo tu. Hana budi, hata hivyo, kumweleza daktari dawa zote anazotumia.

Tumbaku ni adui mkubwa wa kipandikizi. Kwa mvutaji, uwezekano wa kipandikizi kushindwa ni takribani mara mbili ya ule wa asiyevuta, kwa sababu tumbaku hubana mishipa midogo ya damu ambayo mfupa huitegemea ili upone. Mtu asiye tayari kuacha sigara walau kwa wiki kadhaa kabla na baada ya upasuaji ni heri achague njia nyingine.

Wanaohitaji uangalizi maalumu ni pamoja na waliotibiwa saratani ya kichwa au shingo kwa mionzi, wanaotumia dawa za kuimarisha mifupa, hasa za sindano, na wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda. Dawa hizo zisiachwe kwa uamuzi wa mgonjwa mwenyewe. Mjamzito hushauriwa kusubiri mpaka ajifungue, maana upasuaji huu si wa dharura. Aidha, mwenye ugonjwa wa fizi hutibiwa fizi kwanza. Kupanda kipandikizi katika kinywa chenye usaha na ugaga ni sawa na kujenga nyumba juu ya tope.

Safari huanzia nyumbani

Mfumo wa huduma za afya nchini huanzia zahanati, hupanda hadi kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa, kisha hospitali za kanda na ya taifa. Katika ngazi za chini huduma za kinywa huwa ni kung'oa, kuziba na kusafisha meno. Kwa mkazi wa Ilagala, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Kigoma, Maweni, ndiyo ya kuanzia kabla ya kuwaza safari ndefu. Upandikizaji wenyewe hupatikana zaidi katika miji mikubwa, hasa Dar es Salaam, ambako pia ndiko kilipo Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kinachofundisha madaktari wa kinywa na meno.

Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, ina urefu wa zaidi ya kilomita 1,200 kutoka ziwani hadi bahari ya Hindi. Umbali huo ndio unaofanya mpangilio wa ziara kuwa sehemu ya tiba yenyewe. Yapo mengi yanayoweza kukamilishwa karibu na nyumbani: kupima sukari na shinikizo la damu, kung'oa mizizi iliyooza, kusafisha ugaga na kutibu fizi. Anayefika Dar es Salaam akiwa ameshayamaliza hayo huokoa wiki kadhaa za kulala kwa ndugu.

Hatua na muda wake

Ziara ya kwanza ni ya uchunguzi. Daktari hupima kinywa, hupiga picha ya eksrei na, inapobidi, picha ya pande tatu inayoonesha unene wa mfupa, njia ya mshipa wa fahamu katika taya la chini na uwazi wa hewa ulio juu ya magego ya juu. Daktari anayetaka kutoboa mfupa bila picha yoyote hapaswi kuruhusiwa kuendelea.

Upasuaji wa kipandikizi kimoja hufanyika kwa sindano ya ganzi, mgonjwa akiwa macho, na kwa kawaida hauzidi saa moja au mbili. Nyuzi hutolewa baada ya siku 7 hadi 10, kazi ambayo inaweza kufanywa na daktari wa meno aliye karibu na nyumbani kwa makubaliano ya barua au simu. Kisha huja kipindi cha kusubiri, takribani miezi 3 kwa taya la chini na miezi 4 hadi 6 kwa taya la juu, ambalo mfupa wake ni laini zaidi. Baada ya hapo mgonjwa hurudi ili kufungiwa kiungo, kuchukuliwa vipimo na kuvishwa taji, shughuli inayoweza kuchukua wiki moja hadi mbili.

Kwa mgonjwa mwenye mfupa wa kutosha, hizo ni safari ndefu mbili. Kwa mwenye mfupa uliokwisha, huongezeka upasuaji wa kuongeza mfupa pamoja na miezi kadhaa ya kusubiri. Mfupa hupungua kwa kasi zaidi katika mwaka wa kwanza baada ya jino kung'olewa, hivyo anayefikiria kipandikizi asikae miaka 10 ndipo aulize. Amwambie daktari siku ile ile ya kung'oa jino.

Hesabu ya gharama

Kipandikizi kimoja hugharimu mara kadhaa zaidi ya meno bandia ya kuvaa na kuvua. Kosa la kawaida ni kuulizia bei ya kiskurubu peke yake. Bei kamili hujumuisha uchunguzi na picha, upasuaji, kuongeza mfupa iwapo itabidi, kiungo cha kati, taji, dawa na ziara za ufuatiliaji. Kwa mtu wa Ilagala huongezeka nauli, malazi, chakula na siku za kazi zinazopotea, iwe ni uvuvi, shamba la michikichi au biashara ya sokoni. Mgonjwa aombe bei hiyo kwa maandishi, ikieleza pia nani atakayelipa iwapo kipandikizi kitashindwa.

Wenye bima wasidhani kuwa kadi italipia kila kitu. Ni vema mwanachama auulize mfuko wake kabla ya safari, apate jibu la wazi kuhusu kipandikizi, taji na meno bandia, kila kimoja kwa jina lake.

Maswali ya kumuuliza daktari

Sheria ya Madaktari, Madaktari wa Meno na Wataalamu wa Afya Shirikishi ya mwaka 2017 inataka kila anayetoa tiba hizo awe amesajiliwa na kupewa leseni. Baraza la Madaktari Tanganyika ndilo linalosimamia usajili huo. Mgonjwa anayo haki ya kuuliza, bila kuonekana mkorofi, maswali yafuatayo:

Je, daktari amesajiliwa, na amepata mafunzo gani ya upandikizaji? Amefanya kazi hii mara ngapi? Ni njia gani nyingine zinazofaa kwa pengo hili? Vifaa hutakaswa kwa mashine ya mvuke? Likitokea tatizo mgonjwa akiwa Kigoma, atampigia nani na atapokewa wapi?

Swali la mwisho ambalo wengi husahau ni aina ya kipandikizi. Kila kiwanda hutengeneza kiskurubu chenye kichwa chake na bisibisi yake. Mgonjwa apewe kadi yenye jina la mtengenezaji, kipenyo, urefu na namba ya toleo, aihifadhi pamoja na cheti cha kuzaliwa. Miaka 15 baadaye taji likilegea, kadi hiyo ndiyo itakayomwezesha daktari mwingine kulikaza. Bila kadi, kazi ya nusu saa huweza kugeuka upasuaji mpya.

Ni hatari pia kumkabidhi kinywa mtu asiye na usajili, hata akiwa na maneno matamu na bei nafuu. Jino bandia lililogandishwa kwa gundi au kufungwa kwa waya huozesha meno ya jirani, na vifaa visivyotakaswa huweza kusambaza homa ya ini na virusi vya Ukimwi.

Dalili za hatari

Maumivu na uvimbe wa siku mbili tatu ni jambo la kawaida, na hupungua kwa dawa na barafu. Yasiyo ya kawaida ni damu isiyokoma hata baada ya kuuma pamba safi kwa nusu saa, uvimbe unaoongezeka baada ya siku ya tatu, homa, usaha, au kipandikizi kinachocheza.

Dalili moja haisubiri kesho. Ganzi ya mdomo wa chini na kidevu isiyoisha baada ya saa kadhaa inaweza kumaanisha kuwa kiskurubu kinagandamiza mshipa wa fahamu. Mara nyingi mshipa huo huweza kuokolewa iwapo kipandikizi kitatolewa au kurudishwa nyuma mapema, hasa ndani ya saa 24 hadi 36 za mwanzo. Kwa sababu hiyo mgonjwa anayetoka mbali asipande treni wala basi siku ya upasuaji. Akae karibu na hospitali walau siku tatu.

Matunzo ya maisha yote

Titani haiozi, lakini fizi na mfupa unaoizunguka huweza kuugua. Uchafu ukijikusanya shingoni mwa kipandikizi, fizi huvimba na kutoa damu, na mfupa huliwa polepole bila maumivu makubwa. Mgonjwa huja kushtuka jino likianza kucheza. Dawa ya hilo ni kupiga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa ya meno yenye floraidi, kupitisha uzi au brashi ndogo pembeni mwa kipandikizi, na kumwona daktari walau mara moja kwa mwaka kwa usafi na picha. Maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, bidhaa ambayo Uvinza imejulikana kwayo tangu enzi, husaidia kusafisha kidonda katika siku za mwanzo, lakini hayachukui nafasi ya mswaki.

Jino la asili bado ni bora

Hakuna kipandikizi kinachozidi jino la asili lililo zima. Jino lililotoboka likizibwa mapema hubaki, na hata lililooza hadi kwenye kiini mara nyingi huweza kuokolewa kwa tiba ya mzizi kabla ya kufikiriwa koleo. Wazazi nao wana wajibu wao. Tangu miaka ya 1980 imeenea nchini imani ya meno ya plastiki, ambapo fizi za mtoto mchanga mwenye homa au kuhara hukatwa ili kutoa kinachodhaniwa kuwa jino baya. Kinachotolewa ni chipukizi la chonge. Mtoto huyo huweza kupata maambukizi makali, na akinusurika huweza kukua na jino la kudumu lililoharibika au lisilokuwapo kabisa. Mwenye homa na kuhara apelekwe kituo cha afya, atibiwe homa na kuhara, na fizi zake ziachwe zilivyo.

Kwa anayekusudia kumlipia mzazi wake tiba hii, hatua ya kwanza ni kumpeleka mzee kwa daktari wa meno aliye karibu, apimwe sukari, fizi zitazamwe na aulizwe ni chakula gani kinachomshinda. Pengine jibu litakuwa vipandikizi viwili vya kushikilia meno ya chini, na pengine litakuwa meno bandia yaliyotengenezwa vizuri Kigoma. Kinachopimwa mwishoni ni uwezo wa mzee huyo kukaa na wenzake mezani na kula walacho bila kuona haya.